Mama Mkwe Mbele ya Rashasha

Haya nilisimuliwa na wifi yangu Nekesa, mwaka jana tukipukuchua mahindi.

Makokha, mwanajeshi, aliwekwa kwenye kizuizi cha barabara nyuma ya bunduki kubwa ya rashasha. Akatokea mama mkwe wake na kikapu cha muhogo. Kwetu mwanamume humpisha mama mkwe njia, wala hamtazami usoni. Makokha akainuka.

"Kaa hapo!" akafoka sajenti.

"Ni mama mkwe wangu, afande."

"Basi huyo ndiye wa kulengwa kwanza!" Wanajeshi wenzake Makokha wakaangua kicheko. "Mlenge!" sajenti akaamuru.

Makokha akamlenga, wakatazamana. Mama yule akajifunika uso kwa leso, akarudi alikotoka.

Jioni nyumbani mkewe, aliyekwisha kusikia habari hizo, alimpakulia ugali, akaenda kulala. Makokha hakuugusa. Usingizi ulimkuta nje, mlangoni, mikono kaificha kwapani.