Herufi Kubwa Kama Mandazi

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, Hawah alizika chaja ya tableti ndani ya ndoo ya unga wa muhogo. Akausawazisha unga kwa kiganja, akakaa chini kusuka kawa lake kama mtu asiye na dhambi.

Tableti aliileta binti yao Shamirah kutoka Arua. Macho ya mumewe Hawah, mzee Asuman, yalikuwa yameingia ukungu, hata miwani haikusaidia tena. Shamirah akamfundisha: unapiga picha karatasi yoyote, unatanua kwa vidole viwili, herufi zinafura kama mandazi kwenye mafuta.

Mzee akawa kama mtoto wa darasa la kwanza. Alisoma magazeti ya mwaka juzi. Alisoma paketi ya chumvi. Alisoma dawa ya panya, mpaka pale chini kabisa.

"Hiyo kioo itakumaliza macho," Hawah alimwambia. "Karatasi iko na huruma. Tena haiombi chaji."

"Karatasi ilinitupa, Mama Shamirah. Hii inanibembeleza."

Gazeti halikumtisha Hawah. Barua moja ndiyo ilimtisha.

Miaka minane nyuma, wakati wa vita, ilitoka Yei, ng'ambo ya mpaka wa Sudan Kusini, kwa Latifah, mke wa kwanza wa Asuman, aliyebaki kule. Asuman alirudi nayo nyumbani, Koboko, kutoka kituo cha mabasi, bahasha imeshachanwa pembeni.

"Soma wewe," alisema. "Miwani nimesahau Arua."

Hawah, na madarasa yake manne, aliisoma kimoyomoyo. Kisha akatoa kwa sauti maneno aliyoyatunga papo hapo: Nimeolewa. Niko na furaha. Usije.

"Basi," alisema Asuman. Siku hiyo alikula sahani mbili.

Barua Hawah akaifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo akauvaa shingoni. Mwezi uliofuata wakimbizi walifika na habari ya kaburi la Latifah. "Mwenyewe alinikataa," Asuman aliwaambia, na ndivyo alivyomwambia kila mtu tangu hapo. Macho yake yalipoanza kufifia, Hawah alimpa pole mbele ya watu, na nyuma ya nyumba akamshukuru Mungu.

Sasa ndani ya chumba kifuniko cha bati kililia. Hawah alijishika shingoni: ufunguo alikuwa ameusahau kitandani. Asuman akatoka na tableti, waya wake mweupe kwa unga, na karatasi ya kale imekunjwa mara nne.

"Muhogo ya Koboko siku hizi inazaa waya," alisema.

Hawah hakucheka. Mzee alikaa, akapiga picha, akatanua vidole. Alisoma polepole, kucha ikigusa kioo:

"Asuman, miguu yangu imekufa. Majirani wote wamekimbia. Barabara iko wazi hadi Ijumaa. Njoo unichukue. Latifah."

Kawa lilimponyoka Hawah mikononi. Alipiga magoti.

"Nilikudanganya, Baba Shamirah. Ilikuwa wivu. Ungejua, ungeenda. Mimi ndiye nimemuua."

Asuman alibana vidole, herufi zikarudi kuwa ndogo kama sisimizi.

"Inuka," alisema. "Siku ile ya barua, miwani yangu ilikuwa mfukoni."