Kichwa cha Mtoto wa Nzi

"Mikia miwili," mtafiti alisema, akiigonga kwa kalamu picha aliyoiweka mezani. "Mbele mkia, nyuma mkia. Kichwa hakuna."

Ilikuwa picha ya kiinitete cha nzi, kutoka maabarani kwake. Kando yake palikuwa na karatasi ya jaribio la biolojia, imekunjwa mara nne, aliyoiokota kwenye kiti cha binti yake. Alama tatu kati ya thelathini. Hakuhitaji kuona zaidi. Hata kazini husoma namba ya chupa tu, hayo mengine ya lebo anawaachia wasaidizi.

"Baba, hiyo..." binti alianza.

"Nyamaza. Naongea na mama yako."

Mkewe aliendelea kupiga pasi.

"Nzi jike," mtafiti alisema kwa sauti ya darasani, "huacha ujumbe kwenye ncha moja ya yai: kichwa kiwe hapa. Akiwa na jeni mbovu, ujumbe haupo, na mtoto anakosa kichwa. Mama mwenyewe unamwona mzima kabisa. Na jeni za baba, hata ziwe nzuri namna gani, hazifui dafu. Zimechelewa."

Alilipenda neno hilo la mwisho, akalirudia.

"Karatasi umeisoma yote, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Alama inatosha."

Fomu ya kuchagua masomo ilitakiwa shuleni kesho yake. Binti alikuwa ameandika SAYANSI kwa herufi kubwa. Aliitaka tangu enzi za kufuga viwavi kwenye kopo. Mtafiti aliikata kwa mstari mmoja, akatia sahihi chini. Binti aligeukia dirishani, machozi yakimlengalenga. Ni aibu mtu mzima kujivunia kumliza mtoto, lakini yeye alijivunia.

"Kosa si lako, mwanangu," alimwambia. "Kichwa hutoka kwa mama. Mama akiwa hana cha kutoa, matokeo ndiyo haya."

Mlango wa chumba cha wageni ulifunguliwa. Mama yake mtafiti, aliyefika jana kuwasalimia, alitoka akitafuta miwani yake, akaiona karatasi mezani.

"Kumbe unayo wewe," alisema. "Nilimletea mjukuu wangu ili aache kuogopa mtihani. Jaribio lako la kidato cha kwanza hilo, nimelitunza miaka yote. Haya, endelea, mwanangu. Ulisema kichwa kinatoka kwa nani?"