Sikio la Kushoto

"Mbuke mwanangu, chora unachokiona, usichore unachokijua," alisema Mwalimu Tabia, na kwa kidole akalifuta sikio la ng'ombe kwenye karatasi yake.

Mbuke alikasirika. Mtu amekulia zizini, leo hii afundishwe sikio la ng'ombe? Akashika tena kipande chake cha mkaa, akaikazia macho ile sanamu ndogo ya udongo iliyowekwa mezani. Alichora pembe, akashuka hadi sikio la kushoto, mkono ukaganda.

Sikio lilikuwa limekatwa mara mbili ukingoni na kutobolewa katikati. Hiyo ilikuwa alama ya ng'ombe wa marehemu baba yake. Hakuna ukoo mwingine uliokata hivyo, na katika ukoo wao aliyekuwa akifinyanga ng'ombe ni mmoja tu: kaka yake Maduhu, waliyemfanyia matanga miaka sita iliyopita bila hata kuiona maiti yake.

"Mwalimu, hii umeitoa wapi?"

"Nimeinunua asubuhi hii sokoni. Kuna bwana mmoja anafinyanga pale pale chini, wala haongei na mtu. Vipi, kwani unaijua?"

Mbuke aliinyanyua sanamu kwa mikono iliyojaa weusi wa mkaa, akaigeuza. Chini ya tumbo palikuwa na alama ya dole gumba. Akabandika lake hapo hapo, na udongo, ambao bado ulikuwa mbichi, ukabonyea.