Magimbi ya Mele

Kisiwani kwa bibi Sela, siku hizi sufuria haifunguki mpaka ionje damu ya kidole chako. Ikikuta sukari, imejifunga. Utakunywa uji wa zahanati, mweupe, usio na chumvi wala jina.

Leo mdogo wake, Mele, aliyekatwa mguu kwa sukari na anayeishi kwa uji huo, amemtembelea baada ya miaka tisa. Sela alitaka aonje chakula cha mama yao japo tonge moja. Kwa hiyo alikuwa ameshindia majani wiki tatu, damu ikawa safi kama ya kichanga, sufuria ikafunguka bila ubishi. Akapika magimbi kwa tui zito, yale ambayo utotoni walikuwa wakigombania ukoko wake mpaka wanachaniana nguo.

"Achama, kizee wewe, kabla sufuria haijatushitaki!" alicheka, akimlisha kwa mkono.

Mele alitafuna taratibu. Sela akasubiri machozi.

"Dada, usinichukie," Mele alisema, akilitema tonge kiganjani kwa adabu. "Haya yameharibika. Yana ladha."

Sela alilichukua tonge lile akalila mwenyewe. Alitafuna muda mrefu, amefumba macho, akijaribu kukumbuka kama ya mama yao yalikuwa hivi.