Bangili ya Kinu

Tangu kinu cha utafiti wa nyuklia kizeeke, wahandisi walikilinda wakiwa nyumbani, kila mmoja na bangili ya chuma mkononi. Maji ya kinu yakipanda joto, bangili nayo ilichoma mpaka mlinzi aibonyeze na kukizima.

Jumamosi moja Febronia, aliyekuwa zamu, alitaka kwenda harusini. Akamvisha mama yake bangili.

"Usiivue, mama. Ikivuliwa, kazini watajua sipo, nami nitafukuzwa," alisema. Kwa haraka zake, hakumweleza habari ya kubonyeza.

Aliporudi alimkuta mama jikoni, mkono ameuzamisha kwenye beseni la maji, ngozi imejaa malengelenge. Kinu kilikuwa kimejizima chenyewe baada ya nusu saa.

"Mbona hukunipigia?"

"Ulikuwa na wenzako, mwanangu. Na ulisema nisivue."

Febronia alipiga magoti akampaka dawa, asiweze kumtazama usoni. Simu yake ikaleta ujumbe kutoka kazini: wanampongeza kwa kuvumilia bangili nusu saa nzima bila kuivua wala kukizima kinu mapema, na zamu yake nyingine ni kesho.

Alimsomea mama kwa sauti ndogo.

Mama akamnyooshea mkono wa pili. "Kama utatoka tena," alisema, "huu bado mzima."