Msiba wa Shelui

Noel aliinua macho kwenye foleni ya kupima tezi dume, akaona kwamba mwanamume wa benchi la mbele ni baba mkwe wake.

Asubuhi mzee alikuwa ameaga kwao Sepuka kwamba anakwenda kuzika Shelui. Noel naye alimwambia mkewe anafuata spea za trekta mjini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mzee aliteremsha haraka mkono wa shati, lakini pamba aliyobandikwa baada ya kutolewa damu ilishaonekana. Noel alikuwa na pamba kama hiyo.

Tangu amwoe binti wa mzee huyu, hawakuwahi kukaa benchi moja. Heshima haikuruhusu. Leo mzee alisogea, akampisha.

"Kaka zangu wawili wameondoka na ugonjwa huu," alisema, akitazama sakafu. "Daktari anasema wenzetu wa miji mikubwa wanawahi kupima. Sisi huku tunaletwa tumebebwa."

Noel aliitwa kwanza. Majibu yake yalikuwa mazuri, lakini alirudi kukaa palepale.

Kisha akaitwa mzee. Alipotoka, mkono wa shati ulikuwa umekunjwa mpaka juu na pamba iko wazi, wala hakujali.

"Safi," alisema, akaketi tena kando ya Noel.

Simu yake ikaita. Alikuwa mkewe, sauti yake ikisikika mpaka kwa Noel: "Mmeshazika?"

Mzee alimtazama mkwewe, akafuta macho.

"Hapana, mama. Hakufa mtu."