Mbao ya Kizimba

Kombo, aliyekuja kutafuta kuni za tanuri lake, alikwisha kuinua shoka aichane mbao ya kizimba, pale Bi Mashavu, yule mama anayeunda magitaa, alipopiga magoti katikati ya kifusi cha mahakama ya zamani, akaigonga kwa kidole.

"Hodi hodi, mama! Humo hamna mtu," Kombo alimcheka.

"Tulia, mwanangu. Nasikiliza."

"Usikilize nini? Babu yangu alisimama hapo akafungwa miaka miwili kwa kukata mninga mmoja. Waliomfunga walimaliza msitu mzima, na kizimba chenyewe wakakiunda kwa mninga huohuo! Leo unaingia tanurini, nami niuone moshi wake."

Mashavu aling'oa misumari taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Akatemea kiganja, akapangusa vumbi, na mbao ile kuukuu ikang'aa wekundu wa dhahabu. Kisha akaiinua ncha moja kwa vidole viwili, akagonga tena.

Ikalia, sauti nene na safi iliyochelewa kuisha. Wabomoaji ukutani wakasimamisha nyundo.

"Haina hata ufa," Mashavu alisema kwa sauti ya chini. "Mninga kama huu msituni haupo tena. Lakini babu ni wako. Ukisema uchomwe, nitaondoka."

Kombo aliitazama. Ukingo wa juu ulikuwa umebonyea mahali pawili, palipolika kwa mikono ya washitakiwa.

"Na hapa utapapiga randa?"

"Hapo sigusi."

Kombo akalaza shoka chini, akaweka viganja vyake viwili kwenye yale mabonde.